Padre Moses Coady na Chuo Kidogo cha Antigonish

Kila mwaka shule zinapofunguliwa, wazazi wengi Wakatoliki hukaa jioni na kuhesabu fedha. Ng'ombe mmoja ameuzwa, kahawa au pamba imekwisha kulipwa, na bado karo haijatimia. Na katika kuhesabu huko huzuka swali ambalo si la fedha tu: je, mtoto huyu tukimsomesha, atarudi kwetu? Au tunajinyima chakula ili kumpoteza? Swali hili si la nchi zetu peke yake. Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya padre mmoja wa Kanada, na ya chuo kidogo alichokitumikia, maana mtu huyo na chuo hicho walilikabili swali hilohilo, nao wakalijibu kwa matendo.

Padre huyo ni Moses Coady. Alizaliwa tarehe 3 Januari 1882 katika bonde la Margaree, kwenye kisiwa cha Cape Breton, jimbo la Nova Scotia, mashariki kabisa mwa Kanada. Wazee wake walikuwa wa asili ya Ireland. Nyumbani walikuwa watoto wengi, na kazi ya kijana Moses ilikuwa ile ya kila kijana wa shamba: kulima, kuchunga, kukata kuni kwa ajili ya majira ya baridi kali. Shule aliipata kwa vipande vipande, na alikuwa kijana mkubwa alipoanza kusoma kwa mfululizo chini ya mwalimu ambaye alikuwa jamaa yake. Hakuwa wa kwanza katika ukoo kupenda vitabu. Binamu yake, Padre James Tompkins, aliyemzidi umri kwa miaka zaidi ya kumi, alikuwa amekwisha kushika njia hiyo, naye ndiye aliyemvuta Moses aifuate.

Njia hiyo ilipita katika mji mdogo uitwao Antigonish, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Yafaa tukieleze chuo hiki, kwa kuwa bila hicho Padre Coady asingekuwa yule tunayemjua. Kilianzishwa mwaka 1853 na Mhashamu Askofu Colin MacKinnon, kwanza huko Arichat, kisha kikahamishiwa Antigonish mwaka 1855. Mwaka 1866 serikali ilikipa mamlaka ya kutoa shahada. Waumini wa jimbo lile walikuwa maskini: wakulima na wavuvi wa asili ya Scotland, Ireland na Ufaransa, ambao baba zao walikuja ng'ambo bila mali. Askofu alitaka watoto wao wapate mapadre na walimu kutoka miongoni mwao wenyewe. Ndiyo sababu ya kuwapo kwa chuo.

Hakikuwa chuo cha kufundisha ufundi mmoja tu. Kilifundisha lugha, historia, falsafa, hesabu, elimu ya viumbe na mafundisho ya dini, kwa nia ya kumkomaza mtu mzima, akili na moyo pamoja, ili awe raia na Mkristo kabla ya kuwa daktari au mwanasheria. Walimu walikuwa wachache, wengi wao mapadre, nao waliwajua wanafunzi kwa majina na hata kwa vijiji walivyotoka. Mwaka 1897 wanawake walipokea shahada hapo kwa mara ya kwanza, wakiwa wamesomeshwa katika nyumba ya Mount Saint Bernard chini ya masista. Na jambo hili lilikitangulizia chuo hiki kidogo mbele ya vyuo vingi vya Kikatoliki vya Amerika vilivyokuwa na majina makubwa kuliko chake. Mwaka 1900 lilizaliwa hapo hapo Shirika la Masista wa Mtakatifu Martha, kwanza kwa ajili ya kuitunza nyumba ya chuo. Baadaye tutaona jinsi masista hao walivyotoka jikoni wakaingia katika kazi ambayo hakuna aliyeitazamia.

Coady alipata shahada yake hapo mwaka 1905. Akapelekwa Roma, akasoma falsafa na teolojia, akapewa upadre mwaka 1910. Aliporudi alifanywa mwalimu katika chuo kilekile. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega mapana na sauti nzito, na alipenda hesabu na elimu ya ualimu. Kwa miaka karibu ishirini alifundisha kama wengine walivyofundisha. Alipoona walimu wa shule za vijijini wanalipwa mshahara usiotosha hata chakula, alisaidia kuwaunganisha katika chama chao cha Nova Scotia, kwenye mwanzo wa miaka ya 1920. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza ya kazi yake ya baadaye.

Lakini katika miaka hiyo vijiji vilivyokilea chuo vilikuwa vinakufa. Vijana walikuwa wakihamia Boston na miji mingine ya Marekani kwa maelfu. Mvuvi alitoka baharini na samaki wake, akakuta mchuuzi mmoja tu ufukweni, naye huyo mchuuzi ndiye aliyepanga bei ya samaki, ndiye aliyemwuzia nyavu, chumvi na unga, na ndiye aliyeshika daftari la madeni. Mwisho wa mwaka mvuvi alikuwa bado anadaiwa. Katika machimbo ya makaa ya mawe ya Cape Breton hali ilikuwa ya namna hiyo hiyo: wachimbaji walikopa katika maduka ya kampuni, na katika mgomo wa mwaka 1925 mikopo ilipokatwa, njaa na hasira ziliwapanda hata maduka hayo yakavunjwa na kuchomwa moto. Na chuo kilifanya nini? Kiliwachukua vijana wenye akili kuliko wenzao, kikawaelimisha vizuri, kisha wakaenda zao. Kwa hiyo kadiri chuo kilivyofanya kazi yake vema, ndivyo vijiji vilivyozidi kupoteza watu wao bora.

Aliyeliona jambo hili kwanza, na kulisema bila kuchoka, alikuwa Padre Tompkins, ambaye siku hizo alikuwa makamu wa mkuu wa chuo. Aliandika kijitabu akidai kwamba elimu ya chuo kikuu ni mali ya watu wote, siyo ya wale tu wawezao kufika darasani. Mwaka 1921 Shule ya Watu ilifunguliwa Antigonish: wanaume wazima, wakulima na wafanya kazi, walikuja kwa majuma machache wakati wa baridi wakasoma hesabu, uchumi, kilimo na lugha, pasipo mtihani wala karo.

Kisha likatokea jambo ambalo lingeweza kuharibu yote. Shirika tajiri la Marekani, la Carnegie, lilishauri vyuo vidogo vyote vya pwani ile vihamie Halifax viwe chuo kikuu kimoja chenye fedha nyingi. Padre Tompkins aliunga mkono shauri hilo, kwa kuwa aliwaza juu ya maabara na vitabu ambavyo maskini wasingevipata peke yao. Mhashamu Askofu Morrison alikataa, kwa kuwa aliwaza juu ya waumini waliokijenga chuo kwa senti zao, na juu ya imani ya vijana. Wote wawili walikuwa na sababu. Mwishoni mwa mwaka 1922 Padre Tompkins aliondolewa chuoni, akapelekwa kuwa paroko wa Canso, kijiji cha wavuvi mwisho wa nchi, upepo na ukungu mwaka mzima. Hatuna haja ya kuficha kwamba yeye aliona uchungu mkubwa. Lakini alitii, akaenda. Na huko, mbali na maktaba, aliwakuta watu wale ambao alikuwa ameandika habari zao.

Tarehe 1 Julai 1927 taifa la Kanada lilipokuwa likisherehekea miaka 60 ya muungano wake, wavuvi wa Canso walikusanyika wakauliza wana nini cha kushangilia. Kilio chao kilisikika mpaka serikalini, ikaundwa tume ya kuchunguza hali ya uvuvi. Padre Coady aliitwa kutoa ushahidi mbele ya tume hiyo. Hakuwaombea wavuvi sadaka. Alieleza kwamba watu hao wakifundishwa kufikiri na kujiunga pamoja, wataweza kujiokoa wenyewe. Mwaka uliofuata, 1928, kwa kusukumwa na mapadre wa jimbo na watu waliokuwa wamesoma chuoni hapo, chuo kilianzisha Idara ya kupeleka elimu nje ya kuta zake, na mkuu wake wa kwanza akawa Padre Coady. Yule mwalimu aliyekuwa akikaribia umri wa miaka hamsini aliacha ubao na chaki, akaanza kutembea.

Aliombwa na serikali awaunganishe wavuvi, basi akazunguka pwani yote, bandari kwa bandari, katika theluji na matope, akilala katika nyumba za watu. Mwaka 1930 wajumbe wa wavuvi walikutana Halifax wakaunda Umoja wao. Toka hapo kazi ikapata utaratibu ambao baadaye ulijulikana ulimwenguni. Kwanza uliitishwa mkutano mkubwa wa kijiji, na Padre Coady, au msaidizi wake A. B. MacDonald, akasema wazi kwamba umaskini wao hautoki kwa Mungu, bali una sababu zake, na sababu zaweza kuchunguzwa. Kisha watu waligawanyika katika vikundi vidogo vya kujisomea, watu wachache wachache, wakakutana kila juma jikoni kwa mmoja wao, kwenye mwanga wa taa ya mafuta. Chuo kiliwapelekea vijitabu na maswali. Asiyejua kusoma alisomewa na mwenziwe, au na mtoto wake. Baada ya miezi ya kusoma ndipo walipoamua la kutenda: kuanzisha chama cha kuweka na kukopa, au duka la ushirika, au kiwanda cha kusindika samaki.

Mambo yenyewe yalikuwa madogo kwa macho ya wakubwa. Katika kijiji cha Little Dover, karibu na Canso, wavuvi waliingia msituni wakakata miti wenyewe, wakajenga kiwanda chao cha kutia kambakoche katika makopo, ili wasiuze tena kwa bei ya mchuuzi mmoja. Mwaka 1932 Nova Scotia ilipata sheria ya vyama vya kuweka na kukopa, na vyama vya kwanza vikazaliwa mara moja; mtu aliweka senti kidogo kidogo, na jirani zake, waliomjua tabia, ndio walioamua kama astahili mkopo. Huko Reserve Mines, Padre Tompkins, aliyehamishiwa parokia hiyo mwaka 1935, alifungua maktaba katika chumba cha mbele cha nyumba yake ya upadre. Wachimbaji wa makaa wa hapo walisoma muda mrefu habari za ujenzi, mikopo na hesabu, kisha familia 11 zikajenga nyumba zao kwa mikono na ushirika wao. Kufikia mwaka 1938 walikuwa na kijiji chao, wakakiita Tompkinsville. Wote hao walikuwa watu waliozoea kuishi katika nyumba za kampuni.

Tusisahau fungu la wanawake. Masista wa Mtakatifu Martha, miongoni mwao Sista Marie Michael na Sista Irene Doyle, walisimamia maktaba za kuazimwa, wakawapelekea akina mama vijitabu juu ya chakula, afya, kazi za mikono na ununuzi wa pamoja. Na katika vijiji vingi, mama wa nyumbani ndiye aliyeshika hesabu ya akiba, kwa kuwa ndiye aliyejua thamani ya senti.

Twapenda pia wasomaji waangalie tabia tatu za kazi hiyo. Ya kwanza, haikubagua dini. Waprotestanti walijiunga sawa na Wakatoliki, na Padre Coady hakuruhusu vyama viitwe vya Kikatoliki, kwa maana bei ya samaki, alivyoona yeye, haina madhehebu. Ya pili, ilisimama juu ya mafundisho ya Kanisa: nyaraka za Baba Mtakatifu Leo XIII wa mwaka 1891 na Pius XI wa mwaka 1931 juu ya haki za wafanya kazi zilikuwa mezani pake. Walikuwapo waliomwita Mkomunisti, na Wakomunisti nao walimwona mpinzani wao; yeye aliendelea na kazi. Ya tatu, elimu ilitangulia fedha. Kijiji kilichotaka kufungua duka kabla ya kusoma kiliambiwa kingoje.

Mwaka 1939 Padre Coady aliandika kitabu kueleza fikira zake zote. Kilisomwa katika nchi nyingi, na wageni wakaanza kufika Antigonish kuona kwa macho yao: mapadre, walimu, maofisa wa serikali, kutoka Amerika, Asia na Afrika. Mwaka 1943 chuo kilifungua kituo chake cha redio, hata masomo yakafika jikoni kwa njia ya hewa. Padre Coady, aliyekuwa amepewa heshima ya Monsinyori, aliacha uongozi wa idara mwaka 1952 kwa sababu ya afya, lakini hakuacha kuandika wala kushauri. Alifariki tarehe 28 Julai 1959. Mwaka huohuo chuo kilianzisha taasisi yenye jina lake ili kuwafundisha viongozi kutoka nchi za ng'ambo. Tangu wakati huo maelfu ya watu kutoka nchi zaidi ya mia moja wamepita hapo, na Waafrika wa Mashariki wamo miongoni mwao, wakarudi kufanya kazi ya ushirika, ya akiba na mikopo, na ya maendeleo ya vijiji.

Hatutaki kumfanya mtu yeyote aamini kwamba kila jambo lilifaulu. Vijana wengi wa Cape Breton waliendelea kuhama. Maduka kadhaa ya ushirika yalifungwa, na ule Umoja wa Wavuvi wenyewe ulianguka katika miaka ya 1980. Padre Coady alitumaini kwamba ushirika ungebadilisha uchumi wa nchi nzima, na tumaini hilo halikutimia. Wala hatusemi kwamba ushirika wa kwetu ulitoka kwake: wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliandikisha Umoja wao wa KNCU mwaka 1933, wakiongozwa na shida zao na akili zao wenyewe, katika miaka ileile wavuvi wa Nova Scotia walipokuwa wakianza. Jambo moja liliwafundisha watu wa milimani kwetu na wa pwani kwao, nalo ni kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Lakini vyama vya kuweka na kukopa vilibaki, nyumba za wachimbaji zilibaki, na zaidi ya yote walibaki watu waliokwisha kujifunza kusimama mkutanoni na kusema. Na chuo kimebaki Antigonish mpaka leo. Hakikumezwa na Halifax, wala hakikugeuka kuwa jitu. Sifa yake ni kwamba kilikuwa kidogo kiasi cha kusikia kilio cha jirani zake. Chuo kikubwa kingeweza kuwachunguza wavuvi na kuandika vitabu juu yao. Chuo hiki kilimtuma mwalimu wake akakae nao. Na mwalimu huyo aliweza kufanya hivyo kwa sababu masomo aliyoyapata, falsafa na historia na mafundisho ya imani, hayakumfundisha kazi moja ya kulipwa tu, bali yalimfundisha kuuliza mtu ni nani na ameumbwa kwa ajili gani.

Basi turudi kwa wazazi wetu na hesabu zao za jioni. Mara nyingi twawasikia wakiuliza kama shule fulani ni kubwa, kama ina majengo mazuri, kama jina lake linajulikana mjini. Hayo si maswali mabaya. Lakini Padre Coady angetutaka tuongeze mengine. Je, shule hiyo yamfundisha mtoto kumheshimu baba yake mwenye jembe, au kumwonea haya? Je, walimu wake wanakijua kijiji alikotoka? Je, ana nafasi ya kutumia anayojifunza, hata likizoni, kwa kuwasomea wazee barua na kukagua daftari la chama? Shule ndogo ya parokia, au chuo cha ualimu kisicho na jina, chaweza kujibu maswali hayo vizuri kuliko chuo chenye ghorofa kumi.

Na kwa vijana waliokwisha kusoma twasema neno moja. Si lazima kila mmoja arudi kijijini kukaa. Padre Coady mwenyewe alisoma Roma, na hakuna aliyemlaumu. Linalodaiwa ni kwamba elimu iliyonunuliwa kwa ng'ombe wa watu wengi isiliwe na mtu mmoja. Mwenye kujua hesabu akawasaidie wenye chama. Mwenye kujua sheria akawasomee majirani mkataba kabla hawajatia dole gumba. Mkusanyike watu wanane nyumbani kwa mmoja wenu, chini ya taa, mara moja kwa juma, msome na kuulizana. Hakuna sheria inayokataza, wala gharama inayozuia. Jumuiya zetu ndogo ndogo za Kikristo zimekwisha kutuzoesha kukutana. Limebaki tu tendo lifuatalo baada ya sala.

Mwenyezi Mungu aliyeotesha punje ndogo katika ukungu wa Canso, mikononi mwa padre aliyepelekwa huko kwa uchungu, ataotesha na ya kwetu, mradi tuitie ardhini.